Rufiji: mafuriko, amri, na kazi ya mwanafunzi mtafiti

Masika ya mwaka 2024 Mto Rufiji ulipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mabishano yalianza maji yakiwa bado magotini. Wananchi wengi wakasema ni bwawa: Bwawa la Julius Nyerere limejaa, milango imefunguliwa, maji yametushukia. Serikali na TANESCO wakasema ni mvua: mwaka huu ni wa El Niño, na kama bwawa lisingezuia sehemu ya maji hayo, hali ingekuwa mbaya zaidi. Kila upande ulikuwa na watu wake, na kila mtu alikuwa na hakika.

Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu akisikia mabishano kama hayo huona mada imeshajileta. Anaandika kichwa: chanzo cha mafuriko ya Rufiji, mabadiliko ya tabianchi au sera za serikali? Msimamizi anaridhika, maana takwimu za mvua zipo, nyaraka za sera zipo, kilichobaki ni kupima kipi kina uzito zaidi. Mimi naona kosa liko kwenye neno dogo kuliko yote katika kichwa hicho, yaani "au". Bonde la Rufiji lina zaidi ya nusu karne ya ushahidi kwamba maji na amri za dola haviwezi kutenganishwa kwa "au". Kila mafuriko makubwa yamefuatwa na amri, na amri hiyo ndiyo iliyoamua mafuriko yaliyofuata yamkute nani.

Ili hilo lieleweke, inabidi kuanza na mto wenyewe.

Kilombero na Luwegu hukutana kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo jina ni Rufiji. Chini zaidi unaingia Ruaha Mkuu ukitokea upande wa Iringa na Mbeya. Kisha mto unajibana kwenye korongo ambalo kwa zaidi ya karne moja liliitwa kwa jina la Stiegler, Mjerumani aliyeuawa na tembo huko mwanzoni mwa karne ya 20. Ukishalipita korongo hilo unajimwaga kwenye tambarare pana, hadi kwenye delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Eneo lote linalokusanya maji ya mto huu lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Zaidi ya nusu ya maji huletwa na Kilombero. Ruaha Mkuu, unaotajwa zaidi kwenye habari, huleta kama asilimia 15 tu. Tarakimu hii ya mwisho tutairudia.

Kilimo cha tambarare hiyo kina hesabu yake. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, Desemba au Januari, ili mto utakapopanda Machi au Aprili uukute umeshapata kimo. Maji yakiwahi, miche inazama. Yakichelewa, inakauka. Yakija kwa wakati na kupanda polepole, mpunga unarefuka pamoja nayo. Halafu, maji yanapoanza kurudi mtoni, mkulima anayafuata kwa nyuma: kila kipande cha ardhi kinachoachwa na maji, kibichi bado na kimevikwa tope jipya, anakitia mahindi, kunde, maboga. Kilimo hicho cha pili kinaitwa mlao. Mlao hauhitaji mvua; unakula unyevu ulioachwa na mto, na mavuno yake yanafika wakati wa kiangazi, sehemu nyingine za mkoa zikiwa kavu. Uzuri wake ni kwamba mafuriko makubwa yaliyozamisha mpunga ndiyo hayo hayo yanayotayarisha mlao mzuri. Msimu mmoja unafidia mwingine.

Pembeni ya mto kuna maziwa madogo mengi. Mto ukifurika unaungana nayo, samaki wanaingia, perege na kambale wanazaliana humo. Mafuriko ya 1997 na 1998 yaliyajaza. Miaka mto unaposhindwa kupanda, maziwa yanabaki yamekatika, maji yanashuka, samaki wanapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mzee wa Rufiji akisema "mwaka ule mto haukuja", asidhaniwe anasimulia nafuu. Anasimulia njaa.

Mwanafunzi aliyelelewa mjini, ambako mafuriko ni janga tu na hayana sura nyingine, anahitaji muda kulizoea hili. Akienda na hojaji yenye kisanduku cha "hasara zitokanazo na mafuriko" bila kisanduku cha faida, ameshaamua nusu ya matokeo yake kabla hajapanda basi.

Mwaka 1968

Sera ya vijiji vya ujamaa ilitangazwa Septemba 1967. Mwaka uliofuata Rufiji ulifurika vibaya. Serikali changa ikayaunganisha mambo mawili: watu wa bondeni wako hatarini, na watu waliotawanyika hawawezi kufikiwa na shule, zahanati na maji safi. Ikaanzishwa Operesheni Rufiji, na kufikia 1969 maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vipya juu ya miinuko, hasa upande wa kaskazini wa mto. Ikumbukwe kuwa hii ilikuwa miaka kadhaa kabla ya Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Rufiji ilikuwa mahali pa kujifunzia.

Nia haikuwa mbaya, na sitaki kuisimulia kana kwamba ilikuwa. Watoto wengi wa bonde lile walisoma kwa sababu ya vijiji hivyo. Lakini ardhi ya miinuko ni ya kichanga, haina mlao, haina tope la kila mwaka. Mashamba yalibaki bondeni, na wenyewe wakawa mbali nayo. Zamani nyumba zilikuwa kwenye kingo zilizoinuka, ndani ya shamba au karibu nalo, na nguruwe, nyani, viboko na ndege walifukuzwa na yeyote aliyekuwa nyumbani. Baada ya 1969 shamba lisilo na mtu usiku lilikuwa la wanyama.

Watu walifanya kilichowezekana: walirudi. Walijenga madungu, vibanda vilivyonyanyuliwa juu ya nguzo ndefu, ambamo familia inalala, inapika, inaamia ndege na kulinda mpunga kwa miezi kadhaa, maji yakipita chini ya sakafu. Kijijini ilibaki nyumba yenye jina lao.

Hapo ndipo hesabu za serikali na maisha ya watu vilipoachana. Daftari la kijiji linasema fulani anaishi kwenye mwinuko. Mto unapopanda unamkuta fulani bondeni. Baada ya kila mafuriko viongozi wanasema, kwa masikitiko ya kweli, "tuliwaambia wahame, wakarudi", na wananchi wanasema, kwa ukweli ule ule, "tulihama, tukafa njaa". Mwaka 2024 wito wa kuhamia maeneo ya juu ulitolewa tena. Kwa mtu aliyehamishwa na wazazi wake akiwa mtoto, huo ulikuwa wito wa pili katika maisha yake.

Kwa hiyo swali ninalopendekeza kwa mwanafunzi ni hili: maji yalipofika, nani alikuwa wapi, na ni uamuzi upi, wa nani, wa mwaka gani, uliomweka hapo? Ni refu kuliko "tabianchi au siasa", na halitoshei vizuri kwenye jalada. Faida yake ni kwamba linazaa mfuatano wa matukio, na mfuatano unaweza kuhakikiwa: huyu alihamishwa lini, alirudi lini, alirudi kwa nini, mto ulikuwa na kimo gani mwaka huo. Mvua ina nafasi yake kwenye mfuatano huo. Amri nayo ina nafasi yake.

Ng'ombe wa Usangu

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu Rufiji haukuanzia Rufiji. Ulianzia Usangu, wilaya ya Mbarali, mamia ya kilomita juu.

Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 nchi ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme, mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyo kwenye mto huo huo, yakiwa na maji machache. Lawama zikawaangukia wafugaji wa Usangu: ng'ombe wameharibu ardhioevu ya Ihefu, mto umekufa, taa zimezimika. Kati ya 2006 na 2007 ikafanyika operesheni ya kuwaondoa. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi ya Ruaha. Watafiti wa maji walikuwa wameshaonyesha kwamba kukauka kwa kiangazi kulitokana zaidi na mifereji ya mashamba ya mpunga, iliyoendelea kuchota maji hata pale shamba lilipokuwa halina mpunga, na kwamba umeme wa Mtera na Kidatu unategemea zaidi maji ya masika yaliyohifadhiwa na jinsi mabwawa yanavyoendeshwa. Hoja hizo hazikuwa na nguvu ya kuisimamisha operesheni.

Wafugaji wakaenda wapi? Wengi wao, Wasukuma, Wabarbaig, Wamasai na wengine, walielekea kusini na mashariki, wakafika Kilwa, Lindi na Rufiji.

Sasa irudie ile asilimia 15. Maji ya Ruaha Mkuu yanayofika Rufiji ni sehemu ndogo ya mto. Lakini ng'ombe waliofika Rufiji kwa sababu ya Ruaha Mkuu walikuwa wengi. Mabadiliko ya juu ya mto yaliwafikia watu wa chini kwa miguu ya mifugo kuliko kwa maji yenyewe. Na mifugo hiyo iliwakuta kwenye jambo lao nyeti kuliko yote, yaani mlao. Kiangazi, majani ya juu yanapokauka, kijani pekee iliyobaki ni bondeni, na kijani hiyo ni mahindi ya mtu. Ugomvi wa mkulima na mfugaji huko Rufiji, uliofikia kumwaga damu, una kalenda: unazidi miezi ile ile mlao unapokuwa shambani.

Mwanafunzi anayetumia takwimu za mvua peke yake ataona mavuno ya mlao yamepungua, ataona miaka kadhaa ya mvua haba, ataunganisha mstari. Anayetumia nyaraka za siasa peke yake ataandika kuhusu uvamizi wa wafugaji, kana kwamba walishuka kutoka mbinguni. Mfuatano unamwonyesha kitu kingine: mpunga wa umwagiliaji ulipanuka Usangu, mto ukakauka, umeme ukakatika, mkosaji akatafutwa, mkosaji akahamishwa, akafika kwenye bonde la watu ambao nao walishahamishwa mara moja. Kila hatua ina tarehe yake, na kila hatua ilikuwa na mtu aliyeamua.

Mikoko, na mapengo yake

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko. Ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kuna mkoko wenyewe, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi. Kwa karne nyingi boriti za delta zilipakiwa majahazini kwenda Lamu, Uarabuni na Ghuba. Upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe za mwambao wetu unatokana na urefu wa boriti: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti uliokishikilia. Ninalitaja kwa sababu watu huandika kuhusu delta kana kwamba ni pori lililovamiwa juzi. Delta imekuwa mahali pa kazi kwa muda mrefu sana.

Kisheria ni hifadhi ya serikali tangu enzi ya Wajerumani, na mikoko yote ya Tanzania Bara ina hadhi hiyo. Kivitendo kuna vijiji ndani ya delta, vyenye shule, misikiti na ofisi za watendaji. Yaani serikali hiyo hiyo imewasajili watu mahali ambapo sheria yake nyingine haiwatambui kama wenye ardhi.

Upande wa kaskazini wa delta, watu hufyeka mikoko na kulima mpunga. Namna mpunga huo unavyomwagiliwa ni ya kupendeza kuijua. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, maji ya chumvi yanausukuma mto kwa nyuma, na maji matamu yaliyo juu yanapanda hadi mashambani. Mkulima anamwagilia kwa nguvu ya bahari bila kuitumia chumvi yake. Lakini hesabu hii inataka mto wenye nguvu. Mto ukidhoofika, bamvua inaleta chumvi. Mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalielekeza sehemu kubwa ya maji matamu kwenye matawi ya kaskazini, na kilimo cha mpunga kikafuata maji huko. Shamba hutumika kwa miaka kadhaa, kisha kaa na magugu wanalishinda jembe, mkulima anafungua jingine.

Picha za setilaiti, ambazo siku hizi mwanafunzi anazipakua bure na zinarudi nyuma hadi 1972, zinaonyesha mapengo hayo waziwazi. Hazionyeshi sababu. Pengo la shamba jipya, pengo la shamba lililoachwa ambalo mikoko inaanza kurudi, na pengo lililoachwa na mto ulipobadili njia, kutoka juu yanafanana sana. Lazima mtu apande mtumbwi.

Na lazima ajue kwamba pengo lina siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kibiashara wa kufuga kamba ndani ya delta, wa maelfu ya hekta, ingawa baraza lake la mazingira lilishauri vinginevyo. Wanavijiji na wanaharakati walikwenda mahakamani, na mwishowe mradi haukufanyika. Mkulima aliyekatazwa kufyeka nusu hekta ya mpunga alishuhudia ruhusa hiyo. Mwaka 2011, mvutano wa kuwaondoa wakulima wa mpunga kwenye mikoko ulipopamba moto, wengi walikuwa na kumbukumbu hiyo kichwani.

Mwaka 2012 makala ya kitaaluma iliyotokana kwa sehemu na utafiti wa uzamivu ilidai kwamba maandalizi ya biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayotunzwa na misitu, yalikuwa yanawageuza watu wa delta kuwa waharibifu na kuandaa njia ya kuwafukuza. Mwaka uliofuata kundi la watafiti wengine na wahifadhi lilijibu kwa ukali, likisema makala hiyo ilikosea mambo ya msingi na kuchanganya miradi. Nawashauri wanafunzi wasome pande zote mbili bila haraka ya kuchagua. Msitu ulikuwa mmoja, hata picha zilikuwa karibu zile zile. Walitofautiana mahali pa kuanzia: mmoja alianza hadithi kwa hifadhi, mwingine kwa watu. Mwaka unaouchagua kuwa wa kwanza kwenye mfuatano wako ni uamuzi mzito, na unapaswa kuutetea kwa maandishi.

Kufika kijijini

Utafiti wa Tanzania unaanza na barua. Chuo kinaandika, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, inashuka wilayani, Utete au Kibiti, inashuka kwa mtendaji wa kata, inamfikia mtendaji wa kijiji. Utaratibu huu ni wa lazima na una maana. Lakini mwanafunzi anapoketi mbele ya mwenyeji wake, ameshapita mikono mingi ya serikali, na mwenyeji anajua. Mara nyingi ni mtendaji aliyemchagua wa kuhojiwa.

Katika eneo hili hilo lina uzito wa ziada. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa huko Kibiti na Rufiji, na operesheni za usalama zilizofuata ziligusa familia nyingi. Mgeni mwenye daftari anayeuliza nani anaishi wapi, nani alihama lini na alikwenda wapi, anauliza maswali ambayo yalikuwa ya hatari miaka michache iliyopita. Mtu akijibu kwa ufupi, au akisema hakumbuki, asiandikwe kuwa hana elimu ya mazingira. Nimesoma tasnifu zilizoandika hivyo na iliniuma.

Anza na mto. "Shikamoo bibi. Mwaka huu mto umekujaje?" Swali hilo kila mtu ana haki ya kulijibu, halimtaji mtu, na linazaa mengine. Linganisha na swali linaloonekana kwenye hojaji nyingi mno: "Je, umeona mabadiliko ya tabianchi katika eneo lako?" Neno hilo limeshasemwa redioni, kwenye semina, kwenye mikutano ya miradi iliyokuja na posho. Karibu kila mtu atasema ndiyo. Mwanafunzi ataandika kwamba asilimia kubwa ya wahojiwa wameona mabadiliko ya tabianchi, na atakuwa amepima jinsi neno lilivyoenea, basi.

Miaka nayo ina namna yake ya kuulizwa. Watu wachache hutunza tarehe, lakini kila mtu anajua kilichotangulia kipi. Kabla ya kuhamishwa na Operesheni au baada? Kabla ya vita ya Amin? Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa umeshafanyika? Daraja la Mkapa lilikuwapo au mlivuka kwa kivuko? Vita ya Kagera ni 1978 na 1979, uchaguzi ni 1995, daraja lilifunguliwa 2003. Kumbukumbu ya shamba ikiwekwa kati ya vigingi hivyo inakuwa na mwaka unaoweza kulinganishwa na kimo cha mto. (Daraja lenyewe lastahili tasnifu yake: magogo na mkaa wa kusini vilipata njia fupi ya kufika Dar es Salaam, na misitu ya miinuko ikahisi.)

Kisha mahali. Mkutano wa kijiji unatoa sauti za wanaume waliozoea mikutano. Mimi ningemwambia mwanafunzi akae kwenye dungu, wiki za kuamia ndege. Kazi hiyo inamtaka mtu awepo kutwa nzima, macho yakiwa kazini na mdomo ukiwa na nafasi, na mara nyingi wanaoifanya ni wanawake, wazee na watoto. Mazungumzo yanakatika ndege wakija, yanaendelea wakiondoka. Hapo ndipo mtu atakuonyesha kwa kidole maji ya 1998 yalifika wapi kwenye nguzo, na ya 2024 wapi. Na hapo ndipo utajua kama mtoto anayepaswa kuwa shuleni yuko dunguni, jambo ambalo halitatajwa mbele ya mtendaji.

Jambo moja linanikera kuliko yote. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inafungwa jalada gumu, inawekwa maktaba. Kijiji kilichotoa siku zake hakipati hata ukurasa mmoja. Kurasa nne kwa Kiswahili, zenye mfuatano wa miaka na ramani iliyochorwa vizuri, zinaweza kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji na kubishaniwa. Na ubishi huo ni uhakiki: mzee atakayesema "hapa umekosea, huyu alihama kabla ya mafuriko" anafanya kazi ambayo hakuna mtahini wa chuo anayeweza kuifanya.

Bwawa

Turudi 2024. Wazo la kuzuia mto kwenye korongo la Stiegler ni la zamani, lilichunguzwa na wakoloni, likachunguzwa tena baada ya uhuru, likawa na mamlaka yake kuanzia 1975. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukazalisha umeme mapema 2024. Mitambo ni tisa, jumla megawati 2,115, na bwawa linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kwa nchi iliyozoea mgawo wa umeme, hilo ni jambo kubwa, na mtu asiyelithamini hajawahi kuendesha cherehani au mashine ya kusaga kwa umeme wa kukatika.

Kwa mto wa chini yanabadilika mambo matatu kwa pamoja. Mitambo inataka maji yanayotoka kwa kiasi kilekile mwaka mzima, kwa hiyo kilele cha masika kinakatwa na mto wa kiangazi unanenepa. Tope linatua bwawani badala ya mashambani na kwenye delta. Na wakati wa maji kufika, ambao mkulima wa mpunga aliuhesabu kwa mvua na mbalamwezi, sasa unategemea pia mtu aliyeshika milango.

Athari zake haziendi upande mmoja. Mto wa kiangazi ukiwa mnene unaweza kuisukuma chumvi nyuma na kuusaidia mpunga wa bamvua. Mto huo huo usipopungua, ardhi ya chini iliyokuwa ya mlao inaweza kubaki majini. Tope likikosekana, fukwe za delta zinaweza kuliwa na bahari, kama ilivyotokea kwenye delta ya Nile baada ya bwawa la Aswan kukamilika 1970. Kwenye Zambezi, baada ya bwawa la Cahora Bassa kuanza kujazwa 1974, uvuvi wa kamba pwani ya Msumbiji uliathirika kwa kukosa mafuriko ya msimu. Rufiji nayo ina kamba wake, na wavuvi wa Kibiti na Mafia wanawategemea.

Ndiyo maana mabishano ya 2024 hayawezi kumalizwa na upande mmoja kushinda. Tangu Desemba 2022, maji yanayopita korongoni ni mvua na uamuzi kwa wakati mmoja. Mvua inayonyesha chini ya bwawa haipiti milangoni, nayo ina hesabu yake. Anayetaka kujua nini kilitokea anahitaji vitu vitatu vya siku zile zile: mvua ya chini ya bwawa, kiasi cha maji kilichoingia na kilichotoka bwawani kila siku, na ushahidi wa watu kuhusu saa maji yalipopanda kwenye nguzo za madungu yao, na kama walionywa, na nani, siku ngapi kabla. Cha kwanza kinapatikana kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Cha tatu kinapatikana kwa kukaa bondeni. Cha pili kinaombwa kwa barua, na barua hiyo mwanafunzi aiandike mwezi wake wa kwanza kabisa, kabla hata ya hojaji, kwa sababu nayo itapita mikono mingi kabla ya kujibiwa.